Jinsi ya kuijua miungu ya Warumi: ingia kwa Janus mlangoni, malizia kwa Vesta jikoni

Wengi wanaotaka kuijua miungu ya Warumi wanaanza na lile jedwali, upande huu Zeus upande ule Jupiter, Hera ni Juno, Ares ni Mars, Aphrodite ni Venus, unakariri majina kumi na mbili alafu unaona kazi imeisha. Na mimi nilianza hivohivo. Nikakariri mpaka nikaweza kuyataja usingizini, alafu siku moja naangalia picha ya ukuta kutoka Pompeii, naona vijana wawili wanacheza ngoma wameshika pembe za kunywea, katikati yao mwanaume kajifunika nguo kichwani, na chini yao nyoka mkubwa anatambaa, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwemo kwenye jedwali langu. Ndo nikajua nilichojifunza ni miungu ya Wagiriki iliyoandikwa kwa Kilatini, ile ya Warumi wenyewe sijaigusa bado.

Kwa hiyo hatua ya kwanza, liweke hilo jedwali pembeni. Usilitupe, litakusaidia huko mbele, ila usiingilie hapo. Chukua mfano wa Mars tu. Ares wa Wagiriki ni mgomvi, hata miungu wenzake hawampendi, lakini Mars kwa Warumi ni baba wa Romulus aliyeanzisha mji, ana mwezi wake mzima, na wakulima walikuwa wanamwomba alinde mahindi... hapana samahani, ngano, mahindi hawakuyajua. Na Janus je? Huyo hana Mgiriki wa kumlinganisha naye kabisa. Sasa ukianza na jedwali Mars unamkosea na Janus humpati.

Badala yake kila unapokutana na jina la mungu jiulize maswali matatu: nani alikuwa anamwomba, anamwomba nini, na anampa nini. Basi. Zile stori za mapenzi na visasi ziache kwanza, nyingi zimetoka Ugiriki na ni za washairi. Kwa Mrumi wa kawaida mungu alikuwa kwanza ni yule anayehusika na jambo fulani, kama unavyojua fundi gani wa kumwita paa likivuja.

Sasa tuanze mlangoni, na sio kwamba nimechagua tu. Warumi wakiomba miungu mingi kwa pamoja walimtaja Janus wa kwanza na Vesta wa mwisho, na mimi nafuata utaratibu wao.

Janus ni rahisi kumtambua, ana nyuso mbili kwenye kichwa kimoja, moja inatazama huku na nyingine kule, kama mlango ambao ni wa kuingilia na ndo huohuo wa kutokea. Pale Forum, uwanja mkuu wa mji wa Roma, alikuwa na lango lake, wakati wa vita linaachwa wazi, kukiwa na amani kila mahali linafungwa, na halikufungwa mara nyingi. Kaisari Augustus aliandika mwenyewe kwa kujivunia kwamba tangu mji uanzishwe lango lilikuwa limefungwa mara 2 tu, na enzi zake yeye likafungwa mara 3. Ukiona sarafu ya Nero yenye picha ya jengo dogo na milango miwili imefungwa, ndilo hilo.

Lakini mlango wa nyumbani haukuishia kwa Janus. Ubao wa mlango ulikuwa na wake, Forculus, bawaba zina Cardea, kizingiti kina Limentinus. Tunawajua hawa kwa sababu ya Augustino, yule mtakatifu wa kanisa aliyezaliwa Thagaste, sehemu ambayo leo ni Souk Ahras nchini Algeria, yeye alikuwa anawacheka, anasema sisi binadamu tunaweka bawabu mmoja na anatosha, nyie mmeweka miungu watatu. Namuelewa, lakini naomba usicheke haraka. Angalia walivyompangia mtoto mchanga: Vaticanus anafungua mdomo wa mtoto alie mara ya kwanza, Cunina analinda kitanda chake, Potina na Edusa wanamfundisha kunywa na kula. Mtu yeyote aliyewahi kukesha na mtoto anayekataa kula baada ya kuachishwa ziwa anajua kwa nini kuna mtu alitaka mungu wa hapo hapo, wa hicho kijiko kimoja. Hiyo ndo akili ya Warumi, jambo dogo likiwa na hatari ndani yake basi lina mwenyewe wa kuombwa.

Ingia ndani sasa. Ile picha niliyosema, moja ya zile nzuri zaidi iko kwenye nyumba ya akina Vettius pale Pompeii, mji uliofukiwa na majivu ya mlima Vesuvius mwaka 79 BK, na ukitaka kujifunza kusoma picha za miungu ya nyumbani ianze hiyo kabla ya nyingine yoyote, itafute kwenye simu uikuze. Vijana wawili wa pembeni wenye vinguo vifupi ni Lares, walinzi wa nyumba na wa njia panda. Kila mmoja kainua juu pembe ya kunywea. Yule wa katikati aliyejifunika kichwa ni Genius, hapa usimfikirie jini, ni ile nguvu ya uhai ya mwenye nyumba, inayozaliwa naye, na siku ya kuzaliwa ya baba mwenye nyumba ilikuwa sikukuu ya Genius wake. Nyoka wa chini si adui wala si shetani, ni mlinzi wa mahali, ndo maana anaelekea kwenye madhabahu ndogo kula alichowekewa. Ukishajua hivyo vitu vitatu, vijana wenye pembe, mtu aliyejifunika, na nyoka, utaweza kusoma karibu kila kibanda cha ukutani pale Pompeii, na vipo vingi sana, vingine jikoni kabisa juu ya mafiga ambako masufuria yalikuwa yanachemka.

Kuna pia Penates, hao ni wa stoo, wa akiba ya chakula. Kijana wa kiume akikua alivua hirizi aliyovalishwa tangu utotoni akawatundikia Lares. Na kwenye shamba la tajiri, mke wa msimamizi ndiye aliyekuwa na jukumu, Cato, mwandishi wa Kirumi, anaelekeza kwenye kitabu chake cha kilimo kwamba mwezi ukianza, na zile siku nyingine mbili kubwa za mwezi, na sikukuu, huyo mama atundike shada la maua juu ya jiko na amwombe Lar (yaani mmoja wa Lares) kwa kadiri ya alichonacho. Ndo ibada yenyewe hiyo, shada la maua na jiko lililofagiwa.

Toka nje uende shambani, na hapa nitakaa kidogo maana hapa ndo utamu ulipo.

Cato huyohuyo, aliyekufa mwaka 149 KK, ameandika maneno kamili ya mkulima kumwomba Mars. Unachukua watoto wa wanyama watatu wanaonyonya bado, nguruwe, kondoo na ng'ombe, unawazungusha shamba zima mpakani. Alafu unamwita, baba Mars, nakuomba uwe na huruma na mimi na nyumba yangu na watu wangu, uzuie magonjwa yanayoonekana na yasiyoonekana, uzuie ukame wa uzazi na uharibifu na hali mbaya ya hewa, uache mazao na ngano na mizabibu na miti istawi, uwalinde wachungaji na mifugo, unipe afya mimi na nyumba yangu. Soma tena hilo neno la magonjwa yanayoonekana na yasiyoonekana. Huyu ndiye Mars, si mwanajeshi aliyetumwa kuua, ni askari anayelinda mpaka wa shamba, adui awe mtu au awe fangasi. Alafu kuna kipande nakipenda sana, kama dalili hazijakuwa nzuri unarudi unamwambia baba Mars, kama kuna kitu kwenye hao wanyama hakikukuridhisha basi nafidia kwa hawa wengine. Kama unalipa deni na unataka risiti.

Kila hatua ya kilimo nayo ilikuwa na wake. Kuhani alipotoa sadaka kwa Ceres, mungu wa kike wa nafaka, na kwa Ardhi alikuwa anataja majina kumi na mbili ya wasaidizi, na majina yenyewe ni kazi tupu, kwa mfano Vervactor wa kulima mara ya kwanza, Insitor wa kupanda, Sarritor wa kupalilia kwa jembe, Subruncinator wa kung'oa magugu, Messor wa kuvuna, Convector wa kubeba, Conditor wa kuingiza ghalani, na Promitor wa kutoa ghalani siku ya kula. Ukitaka kukariri listi yoyote ya miungu ya Warumi kariri hii, ni msimu mzima wa shamba.

Na wengine waliombwa ili wakae mbali. Robigus ni mungu wa kutu ya ngano, ule ugonjwa unaofanya bua liwe na unga mwekundu kama chuma kilicholowa. Tarehe 25 Aprili walimpelekea sadaka ya mbwa na kondoo nje ya mji wakimsihi aache ngano zao, aende akale panga na mikuki badala yake. Wakulima wa ngano wa Narok au wa kusini mwa Tanzania hawahitaji kuelezwa hofu hiyo, aina mbaya ya kutu iliyotisha dunia inaitwa Ug99 kwa sababu iligunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990.

Alafu Terminus. Huyu ni jiwe. Sio sanamu, ni jiwe la mpaka lenyewe. Tarehe 23 Februari majirani wawili wanakutana mpakani, huyu anatundika shada upande wake na mwenzie upande wake, wanaleta mikate na asali na divai, wananyunyiza damu ya mwanakondoo kwenye jiwe, alafu wanakula pamoja na kuimba. Inasimuliwa kwamba hekalu kubwa la Jupiter lilipotaka kujengwa kwenye kilima cha Capitolium, miungu iliyokuwa na sehemu zake pale iliombwa ihame na ikakubali, Terminus akagoma, basi wakamjengea ndani, na juu yake wakaacha tundu kwenye paa kwa sababu jiwe la mpaka linatakiwa lione anga. Mahali popote watu wamewahi kugombana kwa sababu ya mpaka wa shamba, huyu mungu anaeleweka bila mwalimu.

Sasa jifunze walivyokuwa wanaomba, maana ukijua utaratibu utaelewa nusu ya sanamu zote. Mrumi akitoa sadaka kwa desturi ya kwao alijifunika kichwa kwa upindo wa toga, ile nguo yao ya kujizungushia mwilini, kwa hiyo ukiona sanamu ya mtu mzima kajifunika hivyo, hata awe Kaisari, yuko kwenye ibada. Kwa Saturn kichwa kinaachwa wazi. Watu wananyamazishwa, mpiga filimbi anapiga mfululizo ili sauti mbaya yoyote isisikike. Mnyama ananyunyiziwa unga wa ngano uliochanganywa na chumvi, unga huo unaitwa mola, anamwagiwa divai, kisu kinapitishwa mgongoni toka kichwani hadi mkiani bila kukata, ndo anachinjwa. Wanaangalia ini, mapafu, nyongo na moyo, vikiwa sawa sehemu hizo zinachomwa ni za mungu, nyama nyingine inaliwa na watu. Kwa kawaida mungu wa kiume anapewa dume, wa kike anapewa jike, wa juu mbinguni wanyama weupe na wa chini ardhini weusi. Na mtu akikosea neno au panya akilia katikati, inabidi irudiwe. Yote. Kwao hilo lilikuwa sawa na mkataba uliokosewa jina.

Jina lilikuwa na uzito kweli. Mkulima akitaka kukata miti ya msitu asiojua mwenyewe ni nani, alitoa nguruwe akasema wewe uwe mungu wa kiume au wa kike ambaye mahali hapa ni pako. Hakujidai kujua. Mimi hayo maneno yananigusa kila nikiyasoma, mtu ameshika shoka mkononi, anasimama kwanza, anamuomba ruhusa asiyemjua.

Na walipopuuza walikumbuka. Mwaka 249 KK kamanda Publius Claudius Pulcher alikuwa anataka kupigana na meli za Carthage, mji wa Afrika Kaskazini uliokuwa adui wa Roma, pale Drepana, huko Sicily. Desturi ni kuangalia kuku watakatifu, wakidonoa chakula kwa hamu basi miungu imekubali. Kuku wakagoma kula. Akawatupa baharini akasema kama hawataki kula basi wanywe. Akapigwa vibaya, meli 93 zikatekwa, na Roma hakuna aliyesema tatizo lilikuwa upepo.

Hatua inayofuata ni ya kusoma mawe, na hii unaweza kuifanya hata kama hujui Kilatini, iwe uko makumbusho au unaangalia picha tu. Mrumi alikuwa anaweka nadhiri: ukinipa hiki, nitakupa kile. Akipewa, anaondoa nadhiri yake, na mara nyingi anaweka madhabahu ya jiwe yenye maandishi kuthibitisha kwamba amelipa. Tafuta mstari wa mwisho, ukikuta herufi V S L M basi ni hiyo, maana yake fulani ameondoa nadhiri yake kwa moyo mkunjufu, kama mungu alivyostahili. Alafu panda juu mstari wa kwanza, hapo ndipo jina la mungu lilipo: I O M ni Jupiter Mwema Kupita Wote na Mkuu Kupita Wote. Ukikuta D M huo ni wa kaburi, unawataja Manes, yaani mizimu ya wafu, usiseme umeona hekalu. Katikati kuna jina la mtu na kazi yake, mara nyingi askari. Mawe haya yametapakaa toka Uingereza kaskazini mpaka Afrika Kaskazini. Unamkuta askari aliyepelekwa mwisho wa dunia kwenye baridi, aliomba kitu ambacho hakutuambia, na akapata.

Ndo sasa unaweza kwenda kwa wakubwa, na utaona hawakutishi tena. Roma mjini watatu ndio walikuwa juu, Jupiter, Juno na Minerva, wanakaa hekalu moja pale Capitolium ambalo kwa mapokeo yao lilizinduliwa mwaka 509 KK. Kabla yao kulikuwa na utatu wa zamani zaidi, Jupiter, Mars na Quirinus, na tunaujua kwa sababu makuhani watatu wakubwa walibaki kuwa wa hao. Kuhani wa Jupiter alikuwa amefungwa na miiko mpaka unamhurumia: asipande farasi, asiguse mbuzi wala nyama mbichi wala maharage, asiwe na fundo lolote mwilini, na mtu aliyefungwa minyororo akiingia nyumbani kwake lazima afunguliwe. Wale kumi na mbili wa jedwali wapo kweli, mwaka 217 KK, Hannibal, kamanda wa Carthage, alipokuwa ameshawachinja Warumi kwenye ziwa Trasimene, Warumi waliwaandalia miungu hao karamu kwenye makochi sita, wawili wawili: Jupiter na Juno, Neptune na Minerva, Mars na Venus, Apollo na Diana, Vulcan na Vesta, Mercury na Ceres. Wakariri kwa makochi hayo, inashika kirahisi kuliko jedwali.

Kuwatambua kwa macho kanuni ni moja, angalia mkononi na miguuni, usoni achana napo. Mwenye ndevu anaweza kuwa Jupiter, Neptune au Aesculapius, wote wanafanana, sasa akiwa na radi au tai ni Jupiter, akiwa na mkuki wa meno matatu au pomboo ni Neptune, akiegemea fimbo yenye nyoka ni Aesculapius. Juno ana tausi. Minerva kofia ya chuma na bundi. Ceres masuke ya ngano na mwenge, Diana upinde na mbwa, Vulcan nyundo na koleo, Hercules rungu na ngozi ya simba, Fortuna ameshika usukani wa meli na pembe iliyojaa matunda. Hapa kuna mtego watu wengi wananasa, fimbo ya Aesculapius ina nyoka mmoja na ndiyo alama ya tiba, iko mpaka kwenye nembo ya Shirika la Afya Duniani, ila ile yenye nyoka wawili na mabawa ni ya Mercury, mwenye kifuko cha pesa, huyo ni wa biashara na safari. Hata kwenye mambo ya hospitali utakuta watu wameziweka kinyume. Na jambo lingine, sanamu nyingi zilifika kwetu zimekatika mikono, mafundi wa Ulaya wa karne za baadaye wakaziwekea mikono mipya wakikisia, kwa hiyo kabla hujaamini kilichoshikwa angalia kiungo, ukiona mstari wa kuungia na rangi ya marumaru imebadilika, hiyo silaha inaweza kuwa ya karne ya 18.

Usishangae ukikuta mungu mwenye majina mawili au asili ya mbali. Warumi walikuwa wanakaribisha. Mwaka 396 KK walipouteka mji wa Veii hawakuiba tu sanamu ya Juno wa pale, vijana walioga, wakavaa nguo nyeupe, mmoja akamuuliza, Juno, unataka kwenda Roma? Wenzake wakapiga kelele kwamba amekubali kwa kichwa. Aesculapius aliletwa toka Epidaurus kule Ugiriki baada ya ugonjwa wa kuambukiza, wanasema nyoka wake aliteremka mwenyewe kwenye kisiwa cha mto Tiber akakaa hapo, wakamjengea hekalu, na kisiwa hicho kina hospitali mpaka leo. Mwaka 204 KK wakamleta mungu wa kike aliyeitwa Mama Mkuu kutoka Asia Ndogo akiwa jiwe jeusi.

Na Afrika ndo usiipite. Huku kaskazini ukikuta Saturn kwenye jiwe, mara nyingi chini yake ni Baal Hammon, mungu wa Carthage, na ukikuta Caelestis ni Tanit, mungu wao wa kike, watu walibaki na mungu wao wakampa jina la Kirumi. Ukifika Dougga nchini Tunisia hekalu la Capitolium limesimama na nguzo zake, la miaka ya 160 BK, ingia ndani uangalie ukuta wa nyuma, kuna vidaka vitatu, hesabu tu, Jupiter, Juno, Minerva. Septimius Severus aliyezaliwa Leptis Magna, Libya ya leo, alipokuwa Kaisari aliwaweka kwenye sarafu Hercules na Liber, mungu wa divai, akawaita miungu ya baba zake, maana ndio walikuwa wakubwa wa mji wa kwao.

Ukishafika hapa kilichobaki ni kuiishi kalenda, na hii ndiyo njia iliyonisaidia mimi kuliko zote. Siku zetu, Jumamosi Jumapili, tunahesabu tu, lakini miezi tumeibeba kwao, Januari ni ya Janus, Machi ya Mars, Juni wengi wanaihusisha na Juno, na kwa sababu mwaka wao wa zamani ulianza Machi ndo maana Septemba maana yake ni wa saba na Desemba wa kumi. Weka sikukuu zao kwenye kalenda ya simu ikukumbushe, moja tu kwa mwezi inatosha. Tarehe 17 Desemba Saturnalia, watumwa wanakula kama mabwana. 25 Aprili kutu. Mei 9, 11 na 13 ni Lemuria, usiku wa manane baba mwenye nyumba anaamka pekupeku, ananawa, anatembea anatupa maharage meusi nyuma yake bila kugeuka, anasema mara tisa kwamba kwa maharage haya najikomboa mimi na walio wangu, alafu anagonga shaba na kuiambia mizimu ya wazee wake mara tisa itoke. Siku hiyo simu ikilia jioni, zima taa, soma hayo maelezo taratibu, utaona ule mguu mtupu kwenye sakafu ya baridi.

Na Juni ni ya Vesta. Yeye kwenye hekalu lake Forum hakuwa na sanamu ya kutazamwa, alikuwa moto wenyewe. Wasichana sita wa kuutunza walichaguliwa wakiwa na miaka kati ya 6 na 10, wakakaa miaka 30, kumi ya kujifunza, kumi ya kazi, kumi ya kuwafundisha wadogo. Moto ukizimika kwa uzembe wanachapwa, na ambaye angekutwa na mwanaume alizikwa hai karibu na lango la Colline. Wao ndio waliotengeneza ule unga wa chumvi wa sadaka zote za mji. Tarehe 9 Juni mawe ya kusagia yanapumzishwa, punda waliokuwa wakiyazungusha kila siku wanavishwa mashada ya mikate shingoni, na kina mama wanaingia hekaluni bila viatu. Alafu tarehe 15 wanafagia. Taka za hekalu zinatolewa, na kwenye kalenda ya serikali ya Roma siku hiyo iliwekewa alama yake maalum, kwamba shughuli za mahakama hazifunguliwi mpaka uchafu wa Vesta uwe umeshatolewa nje.